Bastola Mpya au Mazoezi? Jibu kwa Mpiga Shabaha wa Daraja la Production

Swali: Mimi ni mkazi wa Nairobi, nina leseni, na kwa mwaka mzima nimeshindana mechi za IPSC (mchezo wa kupiga shabaha kwa mwendo na muda) daraja la Production, yaani la bastola za kiwandani zisizobadilishwa sana, kwa Glock 17. Nikipiga vizuri napata karibu asilimia 48 ya alama za mshindi. Natumia mkono wa kulia, na risasi zangu nyingi huangukia chini kushoto. Nimeweka akiba ya bastola ya CZ Shadow 2, lakini wengine wanasema bora nihamie kwenye kilengeo cha nukta nyekundu. Wapo pia wanaosema shida yangu ni woga, kwa sababu natembea kwa uangalifu mno nikiwa na bastola mkononi. Nianzie wapi?

Jibu:

Akiba hiyo usiiguse kwanza. Kwa mtu aliye chini ya nusu ya alama za mshindi, bastola mpya hubadilisha kitu kidogo sana, na hesabu ya mchezo wenyewe inatosha kulionyesha hilo.

Katika IPSC alama ulizopata kwenye steji, yaani zoezi moja la mechi, hugawanywa kwa sekunde ulizotumia, na jibu lake ndilo hiti fakta. Mwenye hiti fakta kubwa kuliko wote huchukua alama zote za steji, na kila mwingine hulipwa kwa asilimia aliyomkaribia. Daraja la Production huhesabiwa kwa kiwango cha chini cha nguvu, yaani maina, na kila eneo la shabaha lina alama zake: Alfa, la katikati, alama 5, Charli 3, Delta 1. Maiki, yaani risasi iliyokosa kabisa, hutoza alama 10. Ukigonga shabaha isiyoruhusiwa kupigwa, hutozwa 10 vilevile.

Chukua steji ya kati ya risasi 24: shabaha 12 za karatasi, risasi mbili kila moja, jumla alama 120. Tuseme mshindi amepiga Alfa 20 na Charli 4 kwa sekunde 14. Hizo ni alama 112, hiti fakta 8.0. Wewe umepiga Alfa 15, Charli 6, Delta 2 na Maiki 1 kwa sekunde 22. Alama zako ni 95, zikitolewa 10 za Maiki zinabaki 85. Gawanya kwa 22, unapata 3.86, ambayo ni asilimia 48 ya mshindi. Umo hapohapo ulipojitaja.

Sasa mpe mtu huyohuyo bastola nzito ya chuma, na tukubali kwamba mtutu unatulia haraka kiasi cha kumwokolea sekunde 0.03 kati ya risasi ya kwanza na ya pili kwenye kila shabaha. Mara 12 ni sekunde 0.36. Hiti fakta inapanda hadi 3.93, asilimia 49. Umelipa fedha nyingi kwa asilimia moja.

Mwache na Glock yake na sekunde zake 22, ila aondoe ile Maiki na zile Delta mbili, ziwe Alfa zote tatu. Alama zinafika 108, hiti fakta 4.91, asilimia 61. Hakuna kifaa dukani kinachouza asilimia 13 kwa mkupuo.

Ukitaka kujua Maiki moja inakugharimu nini hasa, hesabu hivi: unapoteza 5 za Alfa na unatozwa 10, jumla 15. Kwa hiti fakta yako ya 3.86, hizo ni karibu sekunde nne. Kwa maneno mengine, ungeweza kusimama mbele ya shabaha ile sekunde tatu nzima ukilenga, ukapiga Alfa, na bado ukatoka na faida. Mkufunzi wa bastola Mmarekani Jeff Cooper na wenzake walipoianzisha IPSC huko Columbia, Missouri, mwaka 1976, kaulimbiu ya Kilatini waliyoichukua ilitaja mambo matatu: usahihi, nguvu na kasi. Kila chombo kinachotangazwa leo hutangazwa kwa jina la kasi, na vijana wengi wanasahau ni kipi kilitajwa kwanza.

Kuhusu zile sekunde nane zinazokutenganisha na mshindi, zitafute zilipo. Kutoa bastola kwa sekunde 2.0 badala ya 1.2 kunakula 0.8. Kupiga jozi, yaani risasi mbili za shabaha moja, kwa 0.25 badala ya 0.20, mara 12, kunakula 0.6. Kuhamisha macho na mtutu kutoka shabaha hadi shabaha kwa 0.55 badala ya 0.30, mara saba, kunakula 1.75. Kubadili magazini ukiwa umesimama, wakati mwenzio anabadili akitembea, hukula kama 0.85. Zinazobaki, kama sekunde nne, zimepotea kwenye kuingia na kutoka kwenye vituo vya kupigia: umefika, miguu imetua, ndipo unainua bastola, ndipo unatafuta kilengeo, ndipo unapiga. Mshindi alifika bastola ikiwa tayari usawa wa macho, akapiga risasi ya kwanza mguu wa pili ukiwa unatua. Nusu ya pengo lenu iko miguuni.

Hilo la risasi za chini kushoto ndilo la kutibu mapema. Kwa anayetumia mkono wa kulia ni alama inayojulikana: mkono wote unakaza wakati kidole kinavuta triga, na mtutu unashuka kabla risasi haijatoka. Thibitisha renjini, ukiwa kwenye mstari wa kupigia na chini ya msimamizi. Mwombe mwenzio akujazie magazini ya risasi 10 akichanganya tatu za bandia bila kukuonyesha mpangilio. Piga taratibu, mita 10. Ukifika kwenye ya bandia, tazama kilengeo cha mbele: kikizama, umeuona ugonjwa kwa macho yako. Usisogeze kilengeo cha nyuma kufidia, maana siku mkono ukitulia utaanza kupiga juu kulia. Dawa ni mkono wa kushoto kubana mpini kwa nguvu zaidi ya wa kulia, vidole vitatu vya kulia vibaki na mkazo uleule tangu mwanzo hadi mwisho, na kidole cha triga kifanye kazi peke yake.

Kazi hiyo hufanywa nyumbani bila risasi, dakika 15 kwa siku, siku tano kwa wiki. Chumba cha mazoezi kisiwe na risasi hata moja: zifungie chumba kingine, kagua chemba kwa macho na kwa kidole, kagua magazini zote, na elekeza kwenye ukuta mgumu usio na watu nyuma yake. Ukimaliza, tamka kwa sauti kwamba mazoezi yameisha, weka bastola, na usirudi tena kujaribu “mara moja tu”. Risasi nyingi zinazotoboa kuta za nyumba hutoka kwenye hiyo mara moja tu, wakati mtu amekwisha kujaza bastola yake na bado akili iko mazoezini.

Dakika tano za kwanza ni za triga pekee: lenga kipande cha karatasi, vuta, kilengeo kisitingishike. Kwenye Glock rudisha slaidi nyuma kama sentimita moja kila mara ili triga ijiweke upya. Dakika tano za pili ni za kutoa bastola. Weka taima ilie mara mbili kwa tofauti ya sekunde 1.8, mlio wa pili ukukute vilengeo viko kwenye shabaha na kidole kwenye triga. Ukifaulu mara tisa kati ya kumi, punguza sekunde 0.1. Ukifika 1.3 umefika mahali pazuri kwa Production. Dakika tano za mwisho ni za kubadili magazini na za kuingia kwenye kituo: hatua tatu, bastola inapanda wakati wa hatua ya mwisho, kilengeo kinaonekana mguu unapotua.

Risasi 100 za renjini zigawe hivi: 20 kwa utulivu mita 25, kundi lichunguzwe, 30 za jozi kwenye mita 7 na 10, 30 za kuhama kati ya shabaha tatu, 20 za kuingia na kutoka kituoni. Wengi humaliza 100 zote kwenye mita 7 wakifurahia mlio, na wanarudi nyumbani bila kujua walichojifunza.

Tukija kwenye vifaa, vipo vya kununua kabla ya kufikiria bastola, na vyote ni bei ya chini kuliko bastola.

Magazini ziwe tano. Nne mkanda­ni, moja ya kuanzia. Steji ndefu huwa na hadi risasi 32, na kanuni ya Production inazuia magazini kuwa na zaidi ya 15 mlio wa kuanza unapotoka. Ukikamatwa na 16 unahamishiwa Open, ushindane na watu wa vifidia mtikiso na nukta nyekundu. Kwa hiyo hesabu kwa vidole, usiamini tundu la nyuma la magazini. Ziandike namba 1 hadi 5 kwa rangi. Bastola ikikwama, andika namba ya magazini iliyokuwamo. Kukwama kukirudi kwa namba ileile, tatizo umelipata: springi imechoka au midomo imepanuka kwa kuangushwa kwenye kokoto. Iondoe kwenye mechi, ibaki ya mazoezi. Magazini iliyoanguka kwenye vumbi isafishwe kwa brashi kavu, ndani isipakwe mafuta, kwa sababu mafuta na vumbi hufanya tope linalozuia kibao kinachosukuma risasi juu kisipande.

Mkanda uwe wa vipande viwili, wa ndani laini unaopita kwenye lupu za suruali na wa nje mgumu unaoshikana nao kwa velikro. Mkanda wa kawaida wa ngozi hupanda pamoja na ala unapovuta bastola, na hapo ndipo sehemu ya ile 0.8 inapopotelea. Ala iwe ya plastiki ngumu, ifunike triga yote. Katika Production ala na vifuko vya magazini vikae nyuma ya ncha ya mbele ya mfupa wa nyonga. Hili hupimwa mechini, na vifuko vilivyoteleza mbele vimewahamisha wengi daraja bila wao kutarajia. Funga skrubu kwa gundi ya nyuzi, ya kufunguka kwa mkono, na zikague asubuhi ya mechi.

Vilengeo vya plastiki vya kiwandani vya Glock vibadilishe. Cha mbele chembamba, milimita 2.5 hadi 2.9, chenye uzi wa nuru. Cha nyuma cheusi kitupu. Nukta nyeupe na mabano huvuta jicho kurudi nyuma, na jicho linatakiwa mbele. Production inakubali vilengeo vya wazi vya kununua mradi slaidi haichongwi. Virekebishe kwa risasi utakazoshindania, mita 15 hadi 20, ukiwa umeegemea kitu.

Taima nunua ya kweli. Programu ya simu ni nzuri nyumbani, lakini renjini inasikia risasi za jirani.

Risasi zenyewe zinastahili umakini kuliko bastola. Mechi kubwa hupima pawa fakta: uzito wa kichwa cha risasi kwa greini, mara kasi yake kwa futi kwa sekunde, gawanya kwa 1000. Ni lazima ifike 125. Kichwa cha greini 115 kinahitaji kasi ya 1,087. Cha 124 kinahitaji 1,009. Cha 147 kinahitaji 851 tu. Wasimamizi huchukua risasi zako nane, hupima uzito wa kichwa kimoja na kupiga tatu kwenye kronografu, yaani kipima kasi ya risasi. Zikishindwa hupigwa nyingine tatu na kuchukuliwa tatu zenye kasi zaidi kati ya hizo sita. Ukianguka chini ya 125 utaruhusiwa kuendelea kupiga, ila bila alama. Risasi za bei rahisi za greini 115 mara nyingi huwa karibu na mpaka, na kronografu mbili hazisomi sawasawa. Chagua zinazokupa 130 au zaidi kwenye bastola yako: greini 124 kwa kasi ya 1,050 ni 130.2. Nunua za kutosha msimu mzima za aina moja, ili vilengeo visibadilike kila mwezi.

Na Glock yenyewe? Springi ya kurudisha slaidi ibadilishwe kila baada ya risasi 5,000 hivi. Matone machache ya mafuta kwenye reli za slaidi na pale upau wa triga unapogusana na konekta yanatosha. Triga iache. Kanuni inataka angalau kilo 1.36 kwa kila mvuto, au kilo 2.27 kwa mvuto wa kwanza kwa bastola zenye nyundo ya hatua mbili, na fundi wa mtaani anayekata springi anaweza kukuachia bastola isiyo halali mechini na ya hatari kila mahali. Ukisikia mlio dhaifu kama pumzi, simama papo hapo. Huenda kichwa cha risasi kimebaki ndani ya mtutu, na risasi inayofuata inaweza kuupasua mtutu.

Nukta nyekundu ni swali tofauti. Kama una miaka hamsini na kilengeo cha mbele kimekuwa ukungu, hamia Production Optics, daraja linaloruhusu nukta hiyo, bila kusita, utafaidika tangu wiki ya kwanza. Kama macho yako ni mazima, jua kwamba nukta inaadhibu mkono mbovu: ukitoa bastola kwa pembe isiyo sahihi, dirisha ni tupu, na utapoteza sekunde nzima ukiitafuta. Pia inatetemeka mbele yako, na wanaoanza huingoja itulie. Mazoezi ya kutoa bastola niliyotaja ni yaleyale kwa njia zote mbili.

Sasa neno kuhusu woga. Wanaokuambia hivyo wanakosea, na wanakosea kwenye jambo ambalo mchezo huu hauvumilii. Mdomo wa mtutu ukivuka nyuzi 90 kutoka upande wa kingo la risasi, yaani tuta la kuzuia risasi mbele yako, umetolewa mechini. Kidole ndani ya kingo ya triga wakati wa kutembea, kubadili magazini au kuondoa mkwamo: umetolewa. Bastola ikianguka, au risasi ikitoka bila kukusudiwa: umetolewa. Ukishika risasi, hata ya bandia, ukiwa eneo salama la kushikia bastola: umetolewa. Nia njema haiingii kwenye hesabu. Mchezo wa watu wanaokimbia na bastola zilizojazwa umeweza kuishi tangu 1976 kwa sababu sheria hizi hazina huruma, na mtu anayezicheka anahatarisha renji yetu sote, hasa katika nchi ambamo raia mwenye silaha anaangaliwa kwa makini, na ni haki aangaliwe.

Uangalifu wako uhifadhi, ila uhamishe mahali. Miguu inaweza kukimbia huku kidole kimenyooka juu ya fremu na mtutu ukitazama mbele. Pa kuchunga zaidi ni hapa: anayetumia mkono wa kulia akikimbia kuelekea kushoto huku akibadili magazini. Kifua kinageukia kushoto, mpini unageukia mkono wa kushoto, na mtutu unateleza kuelekea waliosimama nyuma. Zuia kwa kuusukuma mtutu kuelekea kingo la risasi kwanza, ndipo mkono ufuate magazini. Nyonga zielekee mbele, miguu ndiyo iende pembeni. Kurudi kinyumenyume nako ni hivyohivyo. Fanyia mazoezi nyumbani kwa mwendo wa kutembea, bila risasi, hadi mkono uzoee.

Moyo wa ushindani unaonekana kwingine. Unaonekana kwenye dakika chache za kukagua steji: unahesabu shabaha kutoka kila kituo, unaamua magazini itabadilishwa kwenye hatua ipi, unatafuta iliyojificha nyuma ya pipa, kisha unafumba macho na kuipita yote kichwani hadi hakuna pengo. Mlio ukitoka hakuna tena cha kuamua. Unaonekana pia baada ya kupiga. Usiguse shabaha kabla haijahesabiwa, sikiliza hesabu, pinga kwa adabu kama una sababu, halafu andika kila Maiki na chanzo chake: “sikuona kilengeo”, “nilipiga nikiwa bado natembea”, “nilisahau shabaha”. Neno “bahati mbaya” lisiandikwe hapo, halina mazoezi yake. Kisha chukua stika ukabandike matundu na kusimamisha shabaha za chuma zilizoanguka kwa ajili ya wenzako. Ukibandika unaona wengine wanapiga wapi na kwa mpango gani, na hilo ni somo la bure ambalo wanaokaa kivulini wakizungumzia bastola hawalipati.

Wakati wa Shadow 2 utafika. Ni bastola nzuri kweli: uzito wake wa zaidi ya kilo moja na robo bila risasi huutuliza mtutu, na triga yake baada ya risasi ya kwanza ni nyepesi. Kumbuka tu kwamba risasi ya kwanza huvutwa kwa uzito mkubwa na zinazofuata kwa uzito mdogo, na asiyeizoea hutupa Charli au Delta kwenye kila shabaha ya kwanza. Kwenye bajeti ongeza ala mpya, vifuko, magazini tano na springi, kwa kuwa vya Glock havitaingia, pamoja na utaratibu wa leseni wa kuongeza silaha ya pili.

Ukiwa na miezi sita ya mazoezi na mechi mbili mfululizo zisizo na Maiki zaidi ya mbili kila moja, mwombe mwenye Shadow 2 akuruhusu kuipiga renjini mbele yake na kwa idhini ya msimamizi. Piga zoezi moja: shabaha nne, mita 8 hadi 15, risasi mbili kila moja, mara tano kwa Glock na mara tano kwa ile. Kokotoa hiti fakta ya kila mzunguko, chukua wastani. Tofauti ikiwa chini ya asilimia tano, tumia akiba kununua risasi. Ikiwa juu ya kumi, na Alfa hazijapungua, anza kujaza fomu. Ikiwa katikati, rudia zoezi mwezi unaofuata kabla ya kuamua.